Kamkoda ya HDV: nikichomeka USB kompyuta inaona picha za mnato tu, video hazionekani. Msaada wakuu

kijukuu
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana nimehangaika na hili jambo wiki nzima sasa. Nina kamkoda ya marehemu babu, Sony ya kanda ndogo zile za MiniDV, ubavuni imeandikwa HDV 1080i, pamoja na kanda 14 alizokuwa anamrekodi bibi kuanzia 2007 mpaka 2010 hivi. Bibi anasimulia habari za ukoo, anaimba, anatutania wajukuu tukiwa bado wadogo. Bibi naye ameshatangulia mbele za haki kwa hiyo hizo kanda ndo sauti yake pekee iliyobaki duniani, ndo maana naogopa hata kubonyeza vitu ovyo.

Nimechomeka waya wa USB kwenye laptopu, ikafunguka folda moja ina picha za mnato saba basi, video hamna hata moja. Nikiunganisha kamera kwenye TV kanda inacheza vizuri tu, picha safi mpaka mikunjo ya kitenge unaihesabu, so kanda ni nzima. Nikajua labda ni draiva, nikaweka ile CD iliyokuja na kamera, Windows 10 ikaikataa.

Sasa maswali yangu mawili: video zinatokaje humo ndani? Na zikitoka zitabaki HD ileile au zitashuka? Sitaki kupoteza hata chembe.

jicho_kali
Mbona hiyo rahisi mkuu. Tafuta kile kidude cha kunasa video cha USB, kina matundu ya nyekundu nyeupe na njano, unachomeka kwenye kamera unabonyeza play huku kompyuta inarekodi. Mimi kanda zote za VHS za nyumbani nilizihamisha hivyo na zimetoka poa sana.

fundi_waya
jicho_kali kwa VHS uko sahihi kabisa, ila kwa kanda za HDV hiyo njia itamharibia. Ule waya wa njano haupitishi HD hata ufanyeje, kamera inaishusha picha kwanza kuwa ya kawaida halafu inaitoa kama mawimbi ya analogi, kidude nacho kinaibana upya. Yani picha imepigwa mara mbili kabla haijafika.

kijukuu sikiliza vizuri maana hapa ndo penye siri yote. Kilichomo kwenye hizo kanda tayari ni data ya kidijitali. HDV ni mfumo uliotangazwa 2003 na Canon, Sharp, Sony na JVC, walichofanya ni kuchukua kanda ileile ya MiniDV wakaandika juu yake video ya MPEG-2, kwenye 1080i ni pikseli 1440 kwa 1080, kasi ya megabiti 25 kwa sekunde. Kwa hiyo wewe huhitaji KUREKODI tena, unahitaji KUNAKILI. Zile sifuri na moja zilizoko kwenye kanda zihamie kwenye diski kama zilivyo. Ukifanya hivyo jibu la swali lako la pili ni kwamba haipotei hata chembe, faili utakayopata ndiyo kanda yenyewe.

Sasa kwa nini USB inaleta picha za mnato peke yake? Kwa sababu kamera nyingi za HDV waya wa USB umeunganishwa na ile kadi ndogo ya memori ya picha tu. Kanda haiko upande huo. Video ya kanda inatokea kwenye tundu jingine dogo, kwenye Sony limeandikwa i.LINK, kwingine utakuta HDV/DV au IEEE 1394, watu wengi wanaita FireWire. Ni kitu kilekile majina tofauti. Lina pini 4.

Unachohitaji ni hivi. Kompyuta yenye tundu la FireWire na waya wenye pini 4 upande wa kamera na pini 6 upande wa kompyuta. Laptopu za siku hizi hazina hilo tundu, ila kama unaweza kupata kompyuta ya mezani, hata iwe ya zamani, unaweka ndani kadi ya FireWire ya PCI Express, chagua yenye chipu ya Texas Instruments hizo hazisumbui. Laptopu zile za kizamani zenye mlango wa ExpressCard pembeni nazo zina kadi zake.

Tahadhari na naomba usiipuuze: utakutana na vijiwaya vyenye kichwa cha USB huku na kichwa cha FireWire kule. USINUNUE. USB na FireWire ni lugha mbili tofauti kabisa, na mule ndani hamna chipu yoyote ya kutafsiri, ni shaba tu imeunganishwa. Havifanyi kazi kwenye kanda na vinaweza kuunguza tundu la kamera, na tundu la kamera likiungua hapo ndo utalia maana ndo mlango pekee.

Kwa sababu hiyohiyo zima kamera na zima kompyuta KABLA ya kuchomeka waya wa FireWire. Ule wa pini 6 unabeba umeme, ukiupachika kinyume au ukiwa unachezacheza huku vyote vimewaka unaweza kumaliza kazi hapohapo. Chomeka kwanza, washa baadaye.

Halafu kabla hujagusa chochote, chukua kanda zote 14, angalia mgongoni mwa kila moja kuna kitufe kidogo cha kuteleza, kisukume kiende kwenye SAVE. Hapo hata mtu akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya kamera inakataa kurekodi juu yake.

kijukuu
Asante sana fundi yani umenifungua macho. Kumbe ndo maana! Kaka yangu ana kompyuta ya mezani ya zamani ina Windows 7, nitaiomba. Kanda zote nimeshazisukuma kwenye SAVE, nane kati ya 14 zilikuwa ziko wazi, nimetetemeka.

Programu ya kuvutia video je?

fundi_waya
Windows 7 safi sana, hiyo haina mambo mengi na FireWire. Kama ungekuwa Windows 8 kwenda juu wakati mwingine inabidi upakue draiva ya zamani ya 1394 kutoka Microsoft maana waliitoa kwenye mfumo, kwenye 7 ipo ndani tayari.

Programu tafuta HDVSplit, ni ya bure, ndogo, ya zamani, na inafanya jambo moja tu kwa usahihi: inavuta HDV na kuandika faili za m2t bila kugeuza chochote, na ukitaka inakata faili mpya kila mahali babu alipobonyeza kuanza na kuacha kurekodi. Usitumie WinDV kwa hizi, ile ni ya kanda za DV za kawaida, zile zisizo za HD.

Kamera iweke kwenye chaja, usitegemee betri, maana kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60 kamili kuhamia, hakuna njia ya mkato, kanda lazima izunguke yote mbele ya kichwa cha kusoma. Weka swichi kwenye upande wa kucheza kanda, sio kurekodi. Kisha kila kanda kabla hujaanza ipeleke mbele mpaka mwisho halafu irudishe mwanzo, imekaa miaka mingi imejikunja vibaya, hiyo inailegeza na kuikaza upya kwa usawa.

Nafasi: kanda moja ya saa nzima ni kama GB 11, kwa 14 tenga GB 160 na uongeze kidogo. Na kama unapeleka kwenye diski ya nje angalia imefomatiwa vipi. FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, itakugomea katikati ya kazi. Iwe NTFS au exFAT.

kijukuu
Wakuu nimerudi. Kadi nimepata, waya nimepata, nimezima vyote nimechomeka nimewasha. Kompyuta imeiona kamera, kengele imelia na draiva imejiweka yenyewe. Ila HDVSplit inaniambia hakuna kifaa. Nikajaribu programu nyingine niliyokuta kwenye hiyo kompyuta, ile ikaiona kamera na ikavuta vizuri tu, lakini faili niliyopata nikiangalia ni 720 kwa 576! Hiyo si HD. Nimekaa naiangalia tu nimekosa raha. Kanda ni HDV kweli maana kwenye kioo cha kamera kunaandika HDV1080i.

sauti_ya_pili
Usikate tamaa dada/kaka uko karibu sana. Hiyo 720 kwa 576 ndo jibu lenyewe. Kwenye menyu ya Sony kuna kitu kinaitwa i.LINK CONV. Kikiwa kimewashwa kamera inachukua HDV ya kanda na kuishusha kuwa DV ya kawaida kabla ya kuitoa kwenye waya, ndo maana ile programu nyingine imeona DV na HDVSplit, ambayo inatafuta HDV tu, haioni kitu. Babu labda aliiwasha zamani ili atengeneze DVD.

Fanya hivi: zima, CHOMOA waya wa FireWire kwanza maana menyu hiyo haitaki kubadilishwa waya ukiwa ndani. Washa kamera upande wa kucheza, ingia kwenye menyu, i.LINK CONV weka OFF. Hapohapo utaona VCR HDV/DV, iweke HDV, usiiache AUTO kama kanda zote ni HDV. Zima, chomeka, washa. Sasa Windows itaiona kama kifaa kipya kabisa, itaweka draiva tena, usishangae.

kijukuu
IMEKUBALI!!! Kanda ya kwanza inavutwa sasa hivi ninapoandika hapa. 1440 kwa 1080. Sijui niwashukuruje.

lenzi_mbili
samahani kijukuu nadandia uzi wako, mimi shida yangu inafanana ila kamera yangu ni ya kadi sio kanda. ni AVCHD, ule mfumo wa kurekodi video za HD kwenye kadi, nilirekodi mkutano wa saa moja na nusu mfululizo sikusimamisha hata mara moja, nilipofungua kadi nikakuta imekatwa vipande vitano. nikahamisha vile vipande (faili za video zinazoishia na MTS) kwenye kompyuta nikaviunganisha kwenye programu ya kuediti, kila kinapoungana sauti inaruka kidogo kama mtu kamezwa neno. msemaji anasema jambo la maana halafu pap. na kadi sijaifuta bado, ila niko karibu kuifuta maana nina kazi nyingine jumamosi

sauti_ya_pili
Usiifute hiyo kadi. Soma kwanza mpaka mwisho.

AVCHD ya Panasonic na Sony ya 2006 haikuwekwa faili moja moja kama picha. Ni nyumba nzima: ndani ya kadi kuna PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, halafu STREAM ndo zinakaa MTS. Ila pembeni ya STREAM kuna folda nyingine, PLAYLIST na CLIPINF, na humo ndo kumeandikwa kipande kipi kinafuata kipi na vinaungana wapi. Kadi nyingi zimefomatiwa FAT32 na kama fundi alivyosema juu huko, faili haizidi GB 4, kwa hiyo kamera inapofika kikomo (nyingine zinakata kwenye GB 2) inafunga faili na kufungua nyingine bila wewe kujua. Hazikatwi kwenye mwanzo wa sentensi wala mwisho wa fremu nzuri ya sauti, zinakatwa popote data ilipofikia. Ukichukua vipande peke yake na kuviweka foleni kwenye programu ya kuediti, yale maneno ya pale kwenye kikomo yanakosa nusu yake. Ndo huyo mtu kumezwa neno.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, nakili KADI NZIMA, folda ya PRIVATE yote na kila kilichomo, iweke kwenye folda yenye tarehe, kisha ingiza video kupitia programu inayojua kusoma muundo huo. Programu ya kampuni iliyotengeneza kamera inafanya hivyo, na programu nyingi za kuediti ukiielekeza kwenye folda kuu badala ya faili mojamoja inaunganisha yenyewe na sauti inatoka bila kovu.

Ya pili ni kama umeshabaki na vipande tu. Kwa vile vilikatwa kama kisu kinavyokata mkate, unaweza kuvirudisha vilevile, baiti kwa baiti. Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri, ingia kwenye hiyo folda na uandike:

copy /b 00000.MTS + 00001.MTS + 00002.MTS + 00003.MTS + 00004.MTS mkutano.MTS

Hiyo /b usiisahau. Mpangilio wa namba usichanganye. Na iwe ni vipande vya rekodi MOJA isiyosimamishwa, usiunganishe hivi rekodi mbili tofauti utapata uji.

lenzi_mbili
nimefanya ya pili kwanza maana ndo nilikuwa na vipande tayari. nimeweka hedifoni nimesikiliza maungio yote manne. hakuna. yani hakuna kabisa, neno linapita zima. sasa nakopi kadi nzima kama ulivyosema. kuna mikutano mitatu nyuma nilikopi MTS tu nikafuta kadi, angalau nayo naweza kuiunganisha

mshumaa
Niongezee kitu kwa wenye kadi maana kilishanikuta. Ukichomeka kadi na kompyuta ikakuletea ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, KATAA. Mara nyingi kadi ni nzima, ila kisomeo ni cha zamani kinaishia SDHC (kadi za mpaka GB 32) na kadi ni SDXC ya GB 64 kwenda juu. Badilisha kisomeo au tumia waya wa USB wa kamera yenyewe. Mimi nilibonyeza ndiyo kwa haraka, nikapoteza siku mbili nikizikusanya video kwa programu ya kurudisha vilivyofutwa, na nyingine hazikurudi.

Na wale wenye kamera za diski ya ndani, nyingi zinagoma kuonekana kwenye kompyuta mpaka uchomeke chaja ya umeme, hata kama betri imejaa. Watu wanadhani waya wa USB umekufa kumbe ni chaja tu.

Halafu kwa wa Mac: kadi ikifunguliwa utaona kitu kimoja tu kinaitwa AVCHD kama vile ni faili. Sio faili, ni folda imevalishwa shuka. Bonyeza kitufe cha kulia uombe kuonyeshwa yaliyomo. Upande wa kanda, Mac zenye Thunderbolt zilikuwa zinafanya kazi kwa adapta za Apple, moja ya kutoka USB-C kwenda Thunderbolt 2 na nyingine ya kutoka hapo kwenda FireWire, zimeunganishwa mkia na kichwa. Ila macOS 26 ya 2025 imeondoa FireWire kabisa. Kwa hiyo kama una Mac inayofanya hii kazi na una kanda, maliza kanda kwanza ndo uapdeti.

fundi_waya
Hilo la mwisho la mshumaa ni zito. Wa Linux bado tunapumua, programu ya kuvuta kanda inayoitwa dvgrab ipo:

dvgrab --format hdv --autosplit --timestamp bibi-

Hiyo inakata kwa kila tukio na kuweka tarehe na saa ya kurekodi kwenye jina la faili, maana kamera iliiandika kwenye kanda pamoja na picha. Hapo unajua bibi aliimba siku gani bila kukisia.

kijukuu
Wakuu taarifa ya maendeleo. Kanda 9 zimekamilika. Nina mambo mawili.

La kwanza, kanda ya 6 na ya 7 picha inaganda halafu inatokea miraba miraba ya rangi kama nusu sekunde, inaendelea, dakika mbili mbele tena. Zilizotangulia hazikuwa hivyo.

La pili, nikiangalia kwenye kompyuta mtu akitembea pembeni mwake kunakuwa na mistari mistari kama meno ya kitana. Kwenye TV haikuwepo. Nimeharibu kitu?

sauti_ya_pili
La pili hujaharibu chochote. Ile "i" kwenye 1080i ndo maana yake, kila fremu imefumwa kwa nusu mbili, mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano imepigwa sekunde moja ya hamsini kabla ya mistari ya pili, ya nne, ya sita. TV inajua kuzifumua, kompyuta mpaka iambiwe. Kwenye VLC bonyeza herufi D kwenye kibodi, kitana kitaondoka. Kama unataka kutengeneza nakala ya kutuma kwa ndugu kwenye simu tumia HandBrake, washa kichujio cha kufumua, chagua Bwdif au Yadif, na ukiweka kwenye bob utapata fremu 50 kwa sekunde, mwendo unateleza kama ulivyokuwa kwenye TV. Picha ikionekana imebanwa watu wembamba, iambie uwiano ni 16:9, zile 1440 zinatakiwa kutandazwa kuwa 1920.

LAKINI hiyo ni nakala ya kutazama. Faili za m2t usizifute hata kama umeshageuza. Vichujio vya kufumua vinaboreka kila baada ya miaka michache, ukiwa na ile ya asili unaweza kurudia.

fundi_waya
Hilo la kwanza niachie mimi. Kwenye HDV ya fremu 25, picha zinabanwa kwa kundi la fremu 12, moja imeandikwa nzima na zilizobaki zinaitegemea. Kwa hiyo vumbi dogo likiziba kichwa mahali pamoja tu linaweza kuangusha kundi zima, ndo hiyo nusu sekunde yako. Kwenye DV ya kawaida ungeona kijimraba kwenye fremu moja tu, usingejali.

Umeshavuta kanda nyingi za zamani mfululizo, poda yake imeganda kwenye kichwa. Tafuta kanda ya kusafishia, ile kavu, icheze kama sekunde 10 na usiirudishe nyuma, basi. Usizidishe maana inasugua kichwa chenyewe. Halafu rudia kanda ya 6 na ya 7. Kama miraba ipo bado, vuta mara mbili mara tatu, mara nyingi kila mara inaanguka mahali tofauti, kwa hiyo unaweza kuchukua kipande kizuri cha mara hii ukajazia kibaya cha mara ile.

Na kabla ya kuingiza zilizobaki, zitazame kupitia kile kidirisha cha kanda. Ukiona vumbi jeupe jeupe kama unga kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni ukungu, usiiingize kwenye kamera kabisa, itachafua kichwa na kuambukiza nyingine. Hiyo ni ya kumpelekea mtu mwenye vifaa vya kusafisha. Kamera ikitoka sehemu ya baridi kwenda ya joto pia iache itulie saa moja, unyevu ukishika ngoma ya kichwa utepe unanata.

lenzi_mbili
kijukuu ukimaliza weka nakala sehemu zaidi ya moja tafadhali. diski moja sio hifadhi. mimi sasa naweka mbili nyumbani na ya tatu kwa dada yangu, kila nikimtembelea nabadilishana nae

kijukuu
Nimemaliza wakuu, isipokuwa moja.

Kanda ya kusafishia imefanya kazi, ya 6 imetoka safi kabisa, ya 7 nimevuta mara tatu nikaziunganisha kama fundi alivyoelekeza, imebaki miraba mahali pamoja tu na hapo bibi alikuwa amenyamaza. Ya 11 ina huo unga mweupe pembeni, sijaiingiza, nimeifunga kwenye mfuko peke yake mbali na wenzake. Nimepata mtu wa kusafisha, ameniambia nimletee.

Na kuna jambo sikulitegemea. Nilikuja hapa kutafuta sauti ya bibi. Kwenye TV tulikuwa tunasikiliza kwa spika ndogo, sikuwahi kusikia kingine. Juzi nimeweka hedifoni, kanda ya 3, bibi anahesabu majina ya mababu, anasahau mmoja, na nyuma ya kamera, karibu kabisa na maiki, kuna mtu anamnong'oneza lile jina. Ni babu. Yuko kwenye kanda zote, anamkumbusha, anacheka, anamwambia rudia hapo. Nimeanza upya kuzisikiliza zote naandika dakika na sekunde za kila mahali anapoongea, mpaka sasa nimefika 41.

Diski ya pili imeshajaa nakala. Ya tatu naipeleka kwa shangazi kesho, na nikitoka huko napitisha kanda ya 11 kwa yule wa kusafisha.